Nimegunduliwa na saratani ya utumbo mpana. Je, nimewarithisha wanangu?

Mpendwa Mshauri,

Nina umri wa miaka 38, nimeolewa, na tumejaliwa watoto wawili: binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 7. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huu nilikuwa nikichoka kupita kiasi, nikipanda ngazi chache tu nahema, na nilipopimwa nikaambiwa kuwa nimepungukiwa damu. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikaongezewa vingine, lakini hali haikubadilika. Daktari wa pili ndiye aliyeagiza nifanyiwe kolonoskopi, kipimo cha kuingiza kamera ndani ya utumbo mpana. Alikuta uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana, akachukua kipande kikapelekwa maabara, na juma lililopita nikapewa majibu kwamba ni saratani. Alisema hakuona vinyama vingine, yaani vivimbe vidogo vinavyoota ukutani, katika sehemu nyingine ya utumbo. Nimepangiwa kipimo cha CT, kisha upasuaji.

Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Usiku nasoma takwimu za watu wangapi huishi miaka 5 baada ya kuugua, na kila nikutanapo na tarakimu mbaya naona kama imeandikwa kwa ajili yangu. Mume wangu ni mtu mwema, lakini nikianza kusema hofu yangu hunikatiza: "Usiseme hivyo, utapona." Jamaa mmoja ametuonya nisikubali kupasuliwa, kwa madai kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa.

Linalonitesa zaidi ni jingine. Baba yangu alifariki akiwa na miaka 47, kwa kile tulichoambiwa kuwa ni ugonjwa wa tumbo. Shangazi yangu, dada yake baba, aliondolewa kizazi kwa sababu ya saratani alipokuwa na miaka 44 hivi, na yuko hai mpaka leo. Nilipomweleza daktari habari hizi, aliziandika katika faili akasema huenda ni jambo la kurithi, tutalizungumza baadaye. Neno hilo halijaniachia. Nawatazama wanangu wakila, nawaza kwamba huenda nimewapa ugonjwa pamoja na uhai. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 33, nilimwomba akapimwe akanijibu kwamba hataki kujua. Mama bado sijamwambia. Yeye ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho, na nachelea kumrudisha huko.

Je, niombe vipimo vya vinasaba sasa au nipone kwanza? Watoto niwaambie nini? Na nifanye nini ili hofu isinimalize kabla ya ugonjwa wenyewe?

Mama wa Wawili

JIBU

Mpendwa Mama wa Wawili,

Pole sana, dada yangu. Umepokea habari mbili kwa pamoja, ya ugonjwa wako na ya uwezekano kwamba ugonjwa huo una mizizi katika ukoo, na kila moja ingetosha kumkosesha mtu usingizi. Mimi si daktari wako wala sijaona faili lako, kwa hiyo nitakayokuandikia ni ya kukusaidia kuzungumza na wale wanaokutibu, si ya kuwa badala yao. Nitayajibu maswali yako bila kufuata mpangilio uliyoyaulizia, kwa sababu limo moja ambalo lina wakati wake na ambalo, kwa maoni yangu, halifai kuachwa kwa hiyo "baadaye" uliyoambiwa.

Kabla ya siku ya upasuaji, muulize daktari wako hivi: "Je, kile kipande kilichotolewa kwenye kolonoskopi kimepimwa protini za kurekebisha DNA?" Protini hizo zinazochunguzwa ni nne, na maabara huziita MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake, na katika kunakili makosa hutokea. Protini hizi hupitia nakala mpya kama msahihishaji apitiaye maandishi kabla ya kuchapwa, zikafuta kosa na kuweka lililo sahihi. Zikikosekana, makosa hurundikana. Ndiyo maana kinyama ambacho kwa mtu wa kawaida huchukua takriban miaka 10 au zaidi kugeuka saratani, kwa mtu mwenye kasoro hii ya kurithi kinaweza kugeuka ndani ya mwaka 1 hadi 3. Kipimo chenyewe hakihitaji ukatwe tena, kwa sababu hufanyika juu ya kipande ambacho tayari kiko maabara: hupakwa rangi maalumu, kisha mtaalamu wa patholojia hutazama kwa darubini iwapo protini zote nne zipo.

Sababu ya kukuhimiza ulize sasa ni kwamba jibu lake linakuhusu wewe mgonjwa kabla ya kumhusu mtoto au ndugu yeyote. Daktari wa upasuaji akijua kwamba protini moja inakosekana, na kwamba una umri wa miaka 38 na baba na shangazi wenye historia kama hiyo, anaweza kuzungumza nawe kama inatosha kuondoa sehemu ya kulia peke yake au kama kuna hoja ya kuondoa sehemu kubwa zaidi ya utumbo ili kupunguza uwezekano wa saratani nyingine miaka ijayo. Uamuzi huo una faida na hasara zake, hasa katika namna utakavyokuwa ukienda haja kubwa baadaye, na ni bora uujadili ukiwa umeketi kitini kuliko kuusikia baada ya kushonwa. Daktari wa dawa za saratani naye hulihitaji jibu hilo. Saratani za aina hii zikiwa katika hatua ya 2, yaani kabla hazijafika kwenye tezi za limfu, hazinufaiki na dawa ya fluorourasili ikitumiwa peke yake. Na kwa wale ambao ugonjwa wao umesambaa, zipo dawa zinazoamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab, ambayo mwaka 2020 iliidhinishwa nchini Marekani kuwa tiba ya kwanza kwa saratani ya utumbo mpana yenye kasoro hii. Wagonjwa ambao zamani hawakuwa na tumaini kubwa wamepata nafuu ya miaka kwa dawa hizo. Hata hivyo, usiuahirishe upasuaji kwa hiari yako eti kwa sababu majibu ya kipimo hayajatoka. Uliza, sisitiza, kisha muda wa kusubiri au kutosubiri uamuliwe na madaktari wako pamoja nawe.

Kipimo cha damu cha vinasaba ni jambo jingine, na hicho kinaweza kusubiri kidogo. Jeni ulizozaliwa nazo hazitabadilika kwa kupasuliwa wala kwa dawa. Kipimo cha uvimbe ndicho cha sasa, kipimo cha damu kinaweza kuja baada ya majuma kadhaa, ukiwa umepata nguvu, na kitanguliwe na mazungumzo na mshauri wa masuala ya kijeni au daktari mwenye ujuzi huo. Huyo atakueleza kwamba majibu huja kwa namna tatu: huenda kasoro inayojulikana ikapatikana, huenda isipatikane, na huenda yakapatikana mabadiliko ambayo sayansi bado haijaweza kusema kama yana madhara au hayana. Hilo la tatu huwasumbua watu sana kuliko wanavyotarajia. Lijue mapema, na ujue pia kwamba mabadiliko ya aina hiyo hayatumiki kuwapimia ndugu wala kumkatia mtu kiungo.

Sasa nikueleze kwa nini daktari wako alinyanyua kalamu uliposema habari za baba na shangazi. Saratani ya utumbo mpana na saratani ya mfuko wa uzazi zikitokea kwa watu wa damu moja, tena kabla ya miaka 50, huwafanya madaktari wafikirie sindromu ya Lynch, ambayo husababishwa na kasoro ya kurithi katika mojawapo ya jeni zinazotengeneza zile protini nne au katika jeni iliyo jirani na ile ya MSH2, iitwayo EPCAM. Mwaka 1895, huko Ann Arbor, Michigan, mwanamke mmoja mshonaji nguo alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba ana hakika atakufa mapema kwa saratani ya tumbo au ya viungo vya uzazi, kwa sababu ndivyo walivyokufa watu wengi wa kwao. Warthin hakumpuuza. Aliandika habari za ukoo ule akazichapisha mwaka 1913, na daktari Henry Lynch akaendeleza uchunguzi wa koo za namna hiyo kuanzia miaka ya 1960, mpaka jeni zenyewe zikaja kutambuliwa katika miaka ya 1990. Yule mshonaji alifariki kwa saratani ya mfuko wa uzazi, kama alivyohofia. Nimekusimulia habari zake kwa sababu elimu yote hii ilianza na mtu asiye daktari aliyesema waziwazi yale aliyoyaona nyumbani kwao. Wewe nawe umekwisha kusema; sasa hakikisha yanafanyiwa kazi.

Lakini usiruke kutoka kwenye "huenda" hadi kwenye "ndiyo". Kati ya saratani 100 za utumbo mpana, takriban 15 zina kasoro hii ya kurekebisha DNA, na nyingi kati ya hizo 15 si za kurithi kabisa: jeni ya MLH1 imejizima tu ndani ya uvimbe, jambo linalotokea zaidi kwa watu wenye umri mkubwa. Zinazotokana na sindromu ya Lynch ni kama 3 katika 100. Umri wako na historia ya ukoo wako huongeza uwezekano, nami sitakuficha hilo, ila hata miongoni mwa wanaougua kabla ya miaka 50, uchunguzi uliofanyika Ohio kwa wagonjwa 450 na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya sita hivi ndiye aliyekuwa na kasoro ya kurithi. Watano waliobaki hawakuwa nayo.

Kuhusu kuchelewa kugunduliwa, maana naona katika barua yako unajiuliza kimyakimya: uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo mara nyingi hautoi ishara. Sehemu ile ni pana, na kilichomo ndani yake bado ni majimaji, kwa hiyo choo hakizibi. Damu huvuja kidogo kidogo na kuchanganyika na kinyesi bila kuonekana kwa macho, mpaka mtu anaanza kuchoka na kuhema kama ulivyohema wewe. Ulikwenda hospitali, ukameza ulichopewa, ukarudi tena. Hakuna ulichokosea.

Na huyo jamaa yenu, mwambieni kwa upole kwamba hofu yake haina msingi. Saratani husambaa kwa sababu imeachwa ikue, ikaingia katika mishipa ya damu na ya limfu. Daktari wa upasuaji huondoa sehemu ya utumbo yenye uvimbe pamoja na tezi za limfu zinazoihudumia, kisha huunganisha ncha mbili za utumbo zilizobaki. Kwa uvimbe ulio upande wa kulia, wagonjwa wengi huwa hawahitaji mfuko wa haja tumboni. Kwa saratani iliyo mahali hapo, upasuaji ndio nguzo ya tiba. Jambo la kuhofia kabla ya siku yako ni tumbo kuvimba na kuuma sana, kutapika mfululizo, kushindwa kutoa choo na hewa, au kutokwa na damu nyingi. Likitokea lolote kati ya hayo, usisubiri miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Tuje kwenye zile tarakimu za usiku. Ni kweli kwamba kumbukumbu za Marekani zinaonyesha tofauti kubwa: saratani ikigunduliwa kabla ya kutoka nje ya utumbo, takriban watu 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5, ikiwa imefika katika tezi au viungo vya jirani, ni zaidi ya 70, ikiwa imekwenda mbali, ni chini ya 20. Nimezitaja zote kwa sababu najua umekwisha kuzisoma. Sasa tazama: wewe bado hujui uko katika kundi lipi. CT itaonyesha sehemu ya jibu, na sehemu iliyobaki itatoka baada ya upasuaji, mtaalamu wa patholojia atakapochunguza uvimbe pamoja na tezi za limfu zisizopungua 12. Kuchagua mwenyewe kundi baya kuliko yote na kulilalia kila usiku ni kujihukumu kabla ya ushahidi. Tena takwimu hizo zinahesabu watu waliogunduliwa miaka kadhaa iliyopita, wa umri wote, na wengi wao hawakupata dawa zilizopo leo. Ningekushauri uache kuzisoma mpaka utakapojua hatua ya ugonjwa wako, na siku hiyo umuulize daktari wako anayekujua, ambaye atakujibu juu yako wewe.

Hofu yenyewe haitaondoka kwa kuambiwa iondoke. Itafutie mahali pa kukaa. Andika maswali yanayokujia usiku katika daftari lililo karibu na kitanda, uyafunge humo, na uyatoe mbele ya daktari. Mume wako mpe kazi: awe ndiye anayeandamana nawe, anayeandika majibu, anayekumbusha swali ulilosahau. Nadhani anakukatiza kwa sababu naye ameogopa na hajui la kufanya. Mtu mwenye kazi mkononi huweza kusikiliza zaidi. Mwambie kwa maneno haya haya: "Sihitaji unihakikishie kwamba nitapona. Nahitaji unisikilize mpaka nimalize." Ikiwa kukosa usingizi kutaendelea, au ukaona huwezi kula, huoni maana ya lolote, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, waambie wanaokutibu bila kuona haya. Msongo wa mawazo kwa mgonjwa wa saratani ni sehemu ya ugonjwa, nao una tiba yake.

Watoto. Iwapo itathibitika kwamba una sindromu ya Lynch, kila mmoja wa wanao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi kasoro hiyo, na hesabu ya mmoja haimhusu mwenzake. Atakayeirithi atakuwa amerithi uwezekano ulioongezeka. Saratani yenyewe hairithiwi. Kwa wenye kasoro katika MLH1 au MSH2, kolonoskopi kwa kawaida huanza kati ya miaka 20 na 25 na kurudiwa kila mwaka 1 au 2. Kwa MSH6 na PMS2 huanza baadaye, mara nyingi kati ya miaka 30 na 35. Kipimo cha jeni husubiri mpaka mtoto awe mtu mzima, aamue mwenyewe. Binti yako ana miaka kadhaa mbele yake kabla ya jambo lolote kumlazimu, na mvulana ana mingi zaidi. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi, wa jeni ya APC, ambao huleta vinyama mamia kwa maelfu na ambao uchunguzi wake huanza utotoni, lakini kwa kuwa daktari hakuona vinyama vingine kwako, huo si wa kukukosesha usingizi.

Umeandika kwamba huenda umewapa ugonjwa pamoja na uhai. Dada yangu, baba yako hakujua alichobeba, kama kweli alikibeba, nawe hukujua. Tofauti iliyopo ni kwamba yeye aliondoka bila yeyote kujua jina la kilichomuua, na wewe unauliza. Wanao wakifika umri wa kupimwa watakuwa na kitu ambacho baba yako hakuwa nacho: tarehe ya kuanza uchunguzi, na daktari anayejua anatafuta nini. Kinyama kinachoondolewa kwenye kolonoskopi kikiwa bado hakijageuka hakitakuwa saratani kamwe. Tena katika utafiti uliofuatilia watu 861 wenye sindromu ya Lynch, waliokunywa aspirini ya miligramu 600 kila siku kwa takriban miaka 2 walipata saratani chache za utumbo mpana katika miaka iliyofuata kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nakuomba usiinunue kesho: aspirini huongeza kuvuja damu, nawe umepungukiwa damu na unaelekea kwenye upasuaji. Ni swali la baadaye, kwa daktari.

Cha kuwaambia kwa sasa ni kile mnachokijua, na kwa maneno yanayolingana na umri wao. Kwa mvulana inatosha kumwambia kwamba mama ana ugonjwa tumboni unaoitwa saratani, kwamba hauambukizi na hakuna alichofanya yeye kuuleta, na nani atakayempeleka shule mama akiwa hospitalini. Taja jina la ugonjwa. Mtoto akilisikia kwa watu wengine ataamini kuwa ni jambo lililofichwa kwa sababu ni baya mno. Binti wa miaka 14 atatafuta mwenyewe kwenye simu usiku uleule, kwa hiyo afadhali apate habari kwako kwanza na ajue anaweza kurudi kukuuliza. Suala la urithi usilianzishe wewe kabla hamjalijua. Akiuliza, "Na mimi nitaugua?" usimjibu hapana, kwa sababu huna hakika, wala usimwachie kimya. Mwambie kwamba madaktari wanachunguza, kwamba hata ikiwa ndiyo hakuna lolote la kufanywa kwake sasa, na kwamba atakapokuwa mkubwa zipo njia za kumkinga.

Mdogo wako ana haki ya kutotaka kujua jeni zake, na haki hiyo uiheshimu. Zipo nchi ambako majibu ya vinasaba yanaweza kumwathiri mtu anapoomba bima ya maisha, hivyo si kila anayesita ni mwoga. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji kipimo chochote cha jeni. Mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja amegunduliwa na saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 60, miongozo mingi humtaka aanze kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Wewe umegunduliwa ukiwa na 38. Kumi kabla ya hapo ni 28, naye ana 33, kwa hiyo wakati wake umekwisha kufika, hata kama ukoo wenu hauna kasoro yoyote. Usibishane naye kwa simu. Mwandikie ujumbe mfupi wenye mambo matatu: ugonjwa wako ni nini, ulikuwa na umri gani ulipogunduliwa, na daktari anashauri ndugu zako wafanyiwe kolonoskopi kuanzia umri gani. Mwambie hutamuuliza tena mpaka aanze mwenyewe, kisha utimize ahadi hiyo. Ujumbe ulioandikwa humngoja mtu, na siku atakapokwenda kwa daktari atakuwa na cha kumwonyesha.

Nimemwacha mama mwishoni, ingawa kwa maoni yangu ndiye wa kuambiwa mapema kuliko wote hao isipokuwa mume wako. Unataka kumkinga, naelewa, lakini mama aliyemuuguza mumewe mpaka mwisho atakusoma usoni, na akijua kwamba ulimficha atabeba maumivu mawili. Zaidi ya hayo unamhitaji. Mshauri wa kijeni atakuomba uchore mti wa ukoo, hasa upande wa baba: nani aliugua, aliugua nini, alikuwa na umri gani alipogunduliwa, nani alifariki na kwa sababu gani. "Ugonjwa wa tumbo" unaweza kuwa saratani ya utumbo mpana, ya tumbo lenyewe au ya ini, na pengine mama ndiye peke yake aliye hai anayekumbuka madaktari walisema nini, alipasuliwa wapi, au zile karatasi za hospitali zilihifadhiwa katika sanduku lipi. Mwendee mkiwa wawili tu, mchana, usiku usije ukamkuta peke yake na habari hiyo. Mweleze kwanza kwamba umeanza kutibiwa, kisha umwombe akusaidie kukumbuka. Huenda akalia. Muache alie, nawe ulie ukitaka.

Kisha mwende, au mmpigie simu, shangazi. Huyu sitaki asahaulike, kwa sababu watu wengi humhesabu mgonjwa aliyepona kuwa amemaliza. Kama ukoo wenu una sindromu ya Lynch, yeye aliondolewa kizazi, lakini utumbo wake mpana ungali pale, na huenda hakuna daktari aliyewahi kumwambia kwamba saratani ile ya miaka 44 ina uhusiano wowote na ule utumbo. Muulize kama aliwahi kufanyiwa kolonoskopi, na kama hospitali iliyomtibu bado inahifadhi sampuli ya uvimbe wake, maana maabara nyingi huzihifadhi kwa miaka mingi na zinaweza kupimwa protini zilezile nne. Mpe jina la daktari wako, na mwambie aende na watoto wake.